Ubaguzi wa Marekani umo ndani ya hati za nyumba

Kuna hoja inayorudiwa sana kwetu, vijiweni na kwenye makundi ya WhatsApp, na wanaoileta mara nyingi ni ndugu zetu wenyewe walioko Marekani. Husema hivi: utumwa uliisha zamani, sheria za ubaguzi zilifutwa miaka ya 1960, Marekani imemchagua rais mweusi mara mbili, na kijana wetu akitua Houston au Minneapolis leo, baada ya miaka michache ana cheti cha uuguzi, gari na nyumba. Sasa Mmarekani mweusi ambaye ukoo wake uko pale tangu enzi za mashamba ya tumbaku, na bado anapanga, amlaumu nani?

Hoja hiyo inaniuma, kwa sababu wanaoisema ni watu weusi kama wanaosemwa, na kwa sababu si kweli. Imejengwa juu ya dhana kwamba ubaguzi ni chuki iliyo moyoni mwa mtu, hivyo wenye chuki wakipungua, nao unapungua. Chuki ilikuwepo na ipo. Lakini kilichoufanya ubaguzi wa Marekani udumu karne 4 ni karatasi: hukumu ya mahakama, sheria ya bunge, hati ya kiwanja, fomu ya mkopo wa benki. Mwenye chuki hufa akazikwa na chuki yake. Hati ya nyumba hurithiwa.

Mwanzo wake unaonekana wazi katika kesi moja ya Virginia ya mwaka 1640. Vibarua watatu walimtoroka bwana wao, Hugh Gwyn, wakakamatiwa Maryland. Mmoja alikuwa Mholanzi, mmoja Mskoti, na wa tatu mtu mweusi aliyeandikwa kwa jina la John Punch. Wote walihukumiwa viboko 30. Wale Wazungu wawili wakaongezewa miaka 4 ya kutumika. John Punch akaamriwa atumike maisha yake yote. Kosa lilikuwa moja, walilitenda pamoja, na majaji walikuwa walewale. Wakati huo Virginia haikuwa na sheria iliyosema mtu mweusi ni mtumwa. Majaji waliitazama ngozi, wakaandika.

Miaka 22 baadaye, mwaka 1662, baraza la kutunga sheria la Virginia likaamua kwamba mtoto atafuata hali ya mama yake: mama mtumwa, mtoto mtumwa. Kwa desturi ya Uingereza mtoto alimfuata baba, na baraza hilo liliipindua makusudi, kwa kuwa wenye mashamba walikuwa wakizaa na wanawake waliowamiliki. Wasomaji wa pwani watauona uzito wa jambo hili. Katika fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, mtoto wa suria ambaye baba amemkubali huzaliwa huru na hurithi pamoja na nduguze. Wapo masultani wa Zanzibar waliozaliwa na masuria. Hilo haliusafishi utumwa wa kwetu hata kidogo, ila linaonyesha Virginia ilichagua nini. Baba alimwandika mwanawe kwenye daftari la mali, na rangi ikawa mpaka usiovukwa hata na damu.

Kufikia 1860 watumwa walikuwa karibu milioni 4. Utumwa ulipokaribia mwisho suala la fidia lilijitokeza, na namna lilivyoamuliwa haisimuliwi mara nyingi. Aprili 1862 serikali ya Abraham Lincoln iliwaachia huru watumwa wa jiji la Washington na ikalipa hadi dola 300 kwa kila aliyeachiwa. Fedha alipewa aliyekuwa akimmiliki. Aliyetumikishwa aliahidiwa hadi dola 100 kwa sharti kwamba ahame nchi, aende Haiti au Liberia. Kwa hiyo anayesema leo kwamba fidia ya utumwa haiwezekani kihesabu ajue kwamba ilishafanyiwa hesabu na ikalipwa, kwa upande mmoja.

Januari 1865 Jenerali William Sherman alitenga ukanda wa pwani ya South Carolina, Georgia na Florida ili kila familia iliyoachiwa huru ipate hadi ekari 40. Watu wapatao 40,000 walikaa hapo wakalima. Lincoln akauawa Aprili, na kabla mwaka haujaisha Rais Andrew Johnson akawa ameamuru mashamba yarudishwe kwa wamiliki wa zamani, watu waliokuwa wametoka kupigana na serikali hiyohiyo katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Kipindi hicho sheria nyingine, ya 1862, iliendelea kugawa ekari 160 kwa familia upande wa magharibi, juu ya ardhi iliyonyang'anywa wenyeji wa asili, na karibu wote waliofaidika walikuwa Wazungu, wakiwemo waliotoka Ulaya juzi tu.

Yaliyofuata yanafahamika zaidi, nitayapita haraka. Jeshi la serikali kuu liliacha kuwalinda watu weusi wa Kusini mwaka 1877. Mwaka 1896 Mahakama ya Juu ilihalalisha mabehewa ya weusi na ya Wazungu, na nyuma ya mabehewa zikafuata shule, hospitali na makaburi. Zaidi ya watu weusi 4,000 waliuawa na makundi ya Wazungu kati ya 1877 na 1950. Nisimame kidogo Tulsa, Oklahoma, usiku wa 31 Mei kuamkia 1 Juni 1921. Mtaa wa Greenwood ulikuwa na maduka, hoteli, majumba ya sinema na ofisi za madaktari na mawakili weusi. Umati wa Wazungu uliuchoma, nyumba kwa nyumba. Wenye mali walipokwenda kudai bima, walionyeshwa kifungu kwenye mikataba yao kinachosema hasara ya ghasia hailipwi. Watu hao walikuwa wamefanya kila kitu ambacho hoja ya vijiweni inawataka wafanye: walisoma, waliweka akiba, walifungua biashara, walikata bima.

Sasa nyumba, maana hapa ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Kwetu wengi hujenga kwa kudunduliza: mwaka huu msingi, mwaka kesho matofali, mabati pesa ikipatikana. Mmarekani wa kawaida hununua nyumba kwa mkopo wa miaka 30. Kadiri anavyolipa ndivyo sehemu yake ya umiliki inavyokua, na huku bei ya nyumba inapanda. Akitaka kumsomesha mtoto, anakopa juu ya nyumba. Akifungua biashara, anaiweka dhamana. Akifa, watoto wanarithi. Mali ya tabaka la kati la Marekani kwa sehemu kubwa ni hiyo.

Mfumo huo ulitengenezwa na serikali. Kabla ya miaka ya 1930 mkopeshaji alitaka karibu nusu ya bei taslimu na salio ndani ya miaka michache. Mwaka 1934 serikali ya Franklin Roosevelt iliunda shirika la FHA lizidhamini benki: mkopaji akishindwa, serikali inabeba hasara. Benki zikalegeza, mwananchi mwenye mshahara wa kawaida akaweza kununua. Lakini dhamana ilikuwa na masharti, na FHA iliyaandika kwenye mwongozo wa wathamini wake. Mtaa wenye watu weusi, au uliokaribiana nao, ulihesabiwa kuwa hatari. Mwongozo wa 1938 ulipendekeza hati za viwanja ziwe na kifungu cha kuwazuia watu wa rangi nyingine wasiishi humo. Shirika jingine la serikali, HOLC, lilichora ramani za miji zaidi ya 200 na kuipa mitaa madaraja kwa rangi, kuanzia kijani hadi nyekundu. Mtaa wa weusi ulipakwa nyekundu hata kama wakazi wake walikuwa walimu na watumishi wa posta wenye mishahara ya uhakika.

Anayetaka kuuona mfumo huo kwa macho aende Detroit. Mwaka 1941 mjenzi mmoja alitaka kujenga nyumba za Wazungu pembeni ya mtaa wa weusi, karibu na barabara ya 8 Mile. Akanyimwa dhamana ya FHA kwa sababu ya majirani hao. Akainua ukuta wa zege wa karibu mita 800, kimo cha mtu mrefu, kati ya kiwanja chake na wao. Dhamana ikatoka. Ukuta huo haukuweza kumzuia mtu yeyote. Mtoto angeuzunguka kwa miguu. Kazi yake ilikuwa kumpa ofisa wa serikali kitu cha kuandika kwenye faili. Bado umesimama, na wakazi wameuchora picha za rangi sehemu yake.

Vita Kuu ya Pili ilipoisha, serikali iliwaahidi askari waliorudi mikopo ya nyumba, mashamba na biashara. Askari weusi walikuwa wamepigana vita hiyohiyo, chini ya bendera hiyohiyo. Lakini mikopo ilipitia benki za maeneo walikoishi. Jimboni Mississippi, mwaka 1947, mikopo 3,229 ilidhaminiwa kwa askari wastaafu. Iliyokwenda kwa weusi ilikuwa 2. Mwaka huohuo nje kidogo ya New York ulianza kujengwa mji wa Levittown, nyumba zaidi ya 17,000, na mkataba wake wa awali ulikataza nyumba kutumiwa na mtu asiye Mzungu isipokuwa kama mtumishi wa ndani. Nyumba iliyouzwa pale kwa dola 8,000 hivi leo inauzwa kwa mamia ya maelfu. Tofauti ya bei hizo ndiyo ada ya chuo ya wajukuu, ndiyo mtaji, ndiyo mtu kupoteza kazi na asipoteze makazi.

Waliofungiwa mlango huo walinunua kwa njia nyingine. Chicago, kwenye mitaa kama North Lawndale, walanguzi waliwatisha Wazungu kwamba weusi wanakuja, wakanunua nyumba zao kwa bei ya chini, kisha wakawauzia weusi kwa mara mbili au zaidi. Uuzaji huo ulikuwa wa mkataba: mnunuzi analipa kila mwezi na kugharamia matengenezo yote, lakini hati inabaki kwa muuzaji hadi shilingi ya mwisho. Akikosa awamu moja, anatolewa na vyote alivyolipa vimepotea, na nyumba inauzwa upya kwa mwingine. Kwa hofu hiyo mume na mke walifanya kazi zamu mbili, wakapangisha vyumba, wakaahirisha kukarabati paa. Nyumba zikachakaa, watoto wakakaa bila mzazi nyumbani, mtaa ukajaa kupita kiasi. Kisha magazeti na wanasiasa wakauonyesha mtaa huo kwa kidole: tazameni, wakihamia mahali wanapaharibu. Mwaka 1968 wanunuzi hao waliungana wakagoma kulipa. Baadhi walipata nafuu ya mikataba, lakini miaka na akiba zao havikurudi.

Nakazia hadithi ya Chicago kwa sababu inajibu shutuma ya uvivu kuliko nyingine ninayoijua. Familia hizo zililipia nyumba zao kwa bei kubwa kuliko Mzungu wa mji huohuo, na zilifanya kazi kwa saa nyingi zaidi. Zilimaliza zikiwa na mali kidogo zaidi.

Sheria ya kukataza ubaguzi katika makazi ilitiwa saini 11 Aprili 1968, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa Memphis. Ilikuwa sheria njema. Ilisema kuanzia sasa. Kuhusu miaka 34 ambayo serikali yenyewe ilikuwa imedhamini utengano, ilinyamaza, na bei za nyumba wakati huo zilikuwa zimeshapanda mbali na mkono wa aliyezuiwa kununua zilipokuwa rahisi. Miaka 5 baadaye wazazi wa eneo maskini la Edgewood, San Antonio, ambao wengi wao walikuwa na asili ya Mexico, walifikisha Mahakama ya Juu kesi ya kupinga shule kugharamiwa kwa kodi ya majengo ya eneo husika. Wakashindwa kwa kura 5 dhidi ya 4. Kwa uamuzi huo ramani ya nyumba ikawa ramani ya shule: mtaa ulioshushwa thamani una kodi ndogo, kodi ndogo inaleta shule dhaifu, na shule dhaifu inaishusha tena thamani ya nyumba. Hakuna anayehitaji kumchukia mtu ili gurudumu hilo lizunguke.

Sheria zisizotaja rangi zimefanya kazi hiyo hata nje ya makazi. Mwaka 1986 bunge liliamua kwamba gramu 5 za kokeini ya mawe, iliyouzwa zaidi kwenye mitaa ya weusi, ni kifungo cha miaka 5 kisichopungua. Kwa kokeini ya unga ilibidi ukamatwe na gramu 500. Dawa ni ileile. Uwiano huo wa 100 kwa 1 ulidumu hadi 2010, na ulipopunguzwa ukawa 18 kwa 1.

Sasa nirudi kwa kijana wetu wa Houston, na kwa Obama.

Sheria ya uhamiaji ya 1924 iliibania Afrika kiasi cha kuwa kama haipo. Mlango ulifunguliwa na sheria ya 1965, nayo ilipita kwenye bunge lilelile na kwa wimbi lilelile la haki za kiraia lililopigwa virungu na kung'atwa na mbwa wa polisi kule Alabama. Hata kabla ya hapo tulikuwa wadeni wao. Tom Mboya alipokuwa akitafuta nauli za wanafunzi wa Kenya mwaka 1959, barua ya kuomba michango ilitiwa saini na Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier, Wamarekani weusi watatu maarufu, na ndege ya kwanza ikatua New York na vijana 81. Mwaka uliofuata mpango huo ulimpeleka Wangari Maathai Kansas. Watoto wetu walisomeshwa kwa jasho la watu tunaowaita wavivu.

Tena mhamiaji huchujwa. Anayefika kwa viza ya masomo au ya kazi amepita mitihani, ubalozi na gharama ambazo jirani zake wengi hawakuziweza. Hata bahati nasibu ya Green Card inadai elimu ya sekondari au uzoefu wa kazi. Kumlinganisha mtu aliyechujwa hivyo na taifa zima la watu ambao hawakuchujwa ni kosa la hesabu. Na ugeni wenyewe umewahi kuwa kinga. Mwaka 1961 mabalozi wa nchi changa za Afrika walikuwa wakikataliwa kuhudumiwa kwenye migahawa ya Barabara ya 40 huko Maryland, na serikali ya John Kennedy ikaona aibu ya kidiplomasia. Waandishi watatu weusi wa gazeti la Afro-American la Baltimore wakavaa mavazi ya heshima, wakajitambulisha kama wajumbe wa nchi ya Kiafrika waliyoibuni, Goban. Baadhi ya migahawa ikawakaribisha. Mwafrika mgeni alipata meza. Mwenye nchi aliyezaliwa kilomita chache kutoka hapo hakuipata.

Kinga hiyo ni nyembamba. Usiku wa 4 Februari 1999 polisi 4 wa New York walimfyatulia Amadou Diallo, kijana wa Guinea aliyekuwa akichuuza mitaani, risasi 41 mlangoni kwake Bronx. Alikuwa ametoa pochi. Hawakumuuliza pasipoti yake ni ya wapi. Polisi hao waliachiwa na mahakama.

Kuhusu Obama, kuna jambo ambalo wachache wanalijua. Watafiti wa nasaba walitangaza mwaka 2012 kwamba kuna uwezekano mkubwa yeye ni mjukuu wa mbali wa John Punch, yule wa 1640, kupitia kwa mama yake Mzungu. Ushindi wake ulikuwa mkubwa na niliufurahia. Haukuandika upya hati moja ya nyumba. Mwaka 2022 familia ya kati ya Kizungu, yaani iliyo katikati kabisa ukizipanga zote kwa mali, ilikuwa na dola 285,000, ya weusi dola 44,900, kwa takwimu za Benki Kuu ya Marekani. Zaidi ya asilimia 70 ya familia za Kizungu zinamiliki nyumba, za weusi ni asilimia 45 hivi. Watafiti waliopima joto kwenye miji 108 walikuta mitaa iliyopakwa nyekundu miaka ya 1930 ina joto zaidi kwa wastani wa nyuzi 2.6, maana miti na bustani vilipelekwa kwingine. Mama mweusi anakufa kwa uzazi zaidi ya mara 3 ya mama wa Kizungu, na hapa hata elimu haimwokoi: mama mweusi mwenye shahada yuko hatarini kuliko Mzungu ambaye hakumaliza sekondari. Umaskini peke yake hauwezi kueleza hilo.

Watu husema yaliyopita hayarekebishiki. Manhattan Beach, California, Willa na Charles Bruce walinunua kiwanja cha ufukweni mwaka 1912 na kufungua mahali pa mapumziko kwa watu weusi. Mwaka 1924 halmashauri ya mji iliamua kukitwaa kwa kisingizio cha bustani ya umma, na kikakaa kitupu miaka mingi. Mwaka 2022 kilirudishwa kwa warithi, na mwaka uliofuata waliiuzia serikali ya Los Angeles County kwa karibu dola milioni 20. Iliwezekana kwa sababu makaratasi yote yalikuwepo: nani alinunua, nani alinyang'anya, tarehe gani. Kwa maelfu ya familia nyingine makaratasi kama hayo yapo pia, kwenye masjala za ardhi na kumbukumbu za benki, na kinachokosekana ni utashi wa bunge na mahakama. Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Oklahoma iliitupa kesi ya wanawake wawili, kila mmoja akiwa na zaidi ya miaka 100, walionusurika moto wa Greenwood wakiwa watoto. Mahakama ilikubali kwamba malalamiko yao ni halali, ikasema hayaangukii ndani ya sheria ya jimbo waliyoitumia kushtaki.